SHERIA NDOGO ZA TAKA ZA JIJI ZIKIBADILISHWA, MKULIMA ANAPATA NINI?

Kuna swali ambalo wakulima wa mboga wa pembezoni mwa Dar es Salaam huniuliza mara kwa mara: "Afisa, mambo ya taka za mjini yanatuhusu nini sisi? Si kazi ya bwana afya hiyo?"

Yanatuhusu sana. Zaidi ya nusu ya taka zinazotoka majumbani na sokoni katika jiji letu ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, majani ya kabichi, nyanya zilizopasuka, maembe yaliyoharibika. Vyote hivyo vilitoka shambani. Vilinyonya rutuba kwenye udongo wako, vikaingia mjini kwa malori, halafu vinaishia dampo. Huku nyuma wewe unatafuta samadi kwa shida na bei inapanda kila msimu.

Kwa hiyo halmashauri inapotaka kurekebisha sheria ndogo za uzoaji na urejelezaji wa taka, inaamua pia kama rutuba hiyo itarudi kwako au itazikwa. Leo nieleze jambo hili linavyokwenda, na sehemu gani ya sheria inatakiwa kukazwa. Nikuambie mapema: wengi wanafikiri kazi kubwa ni kumfundisha mama wa nyumbani kutenganisha taka. Hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine, ambayo ndo huharibu kila kitu, ni gari linalokuja kuzibeba.

TUMETOKA WAPI

Kwa miaka mingi sheria zetu za taka zilikuwa na lengo moja: kuondoa uchafu machoni pa watu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa linawatesa kwa moshi na harufu, na Mahakama Kuu ikawa upande wao. Hata hivyo haikuwa rahisi. Miaka ilipita kabla dampo halijaondoka pale kwenda Vingunguti. Baadaye likahamia Mtoni, na kisha Pugu Kinyamwezi.

Umeona mtindo huo? Taka zinahama tu, kutoka eneo moja kwenda jingine. Mwaka 1994 jiji lilianza kukabidhi uzoaji wa maeneo ya katikati kwa kampuni binafsi, na baadaye vikundi vya mitaani navyo vikaingia kwenye kazi hiyo. Hayo yalisaidia usafi. Lakini mzoa taka aliendelea kupimwa kwa swali lile lile: umeondoa au hujaondoa? Ulichoondoa kimeenda kufanya nini, hakuna aliyeuliza.

SHERIA INASEMAJE SASA

Ngazi ni tatu. Juu kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Chini yake kuna kanuni, zikiwemo Kanuni za Usimamizi wa Taka Ngumu za mwaka 2009. Halafu kuna sheria ndogo za halmashauri yako, na hizo ndizo zinazokugonga mlangoni: nani anazoa, siku gani, unalipa kiasi gani, na faini ni ipi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ile sheria ya 2004 tayari inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa aina mbalimbali za taka kutenganishwa pale pale zinapozalishwa, pamoja na viwango vya vyombo vya kuhifadhia, hadi umbo na rangi yake. Maana yake kutenganisha taka siyo wazo geni lililoletwa na wafadhili. Limo kwenye sheria ya nchi. Kazi iliyobaki ni ya sheria ndogo, iseme nani afanye nini, Jumatatu au Alhamisi, na kwa fedha za nani.

Kumbuka pia Dar es Salaam ni mkoa wenye halmashauri tano. Mwaka 2021 ile Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zina sheria ndogo zake. Kwa hiyo ukiambiwa "sheria ya Dar", uliza kwanza ni ya halmashauri ipi.

MNYORORO UNAKATIKIA KWENYE GARI

Chukua nyumba moja inayofuata maelekezo. Ndoo ya taka zinazooza iko kando, kiroba cha chupa na makopo kando. Siku ya gari, vyote viwili vinarushwa kwenye bodi moja. Wiki ya pili yule mama anajiuliza: najisumbua nini? Wiki ya tatu anarudia mfuko mmoja. Nimeliona hili mitaani mara nyingi, na siwezi kumlaumu.

Wala dereva si mtu mbaya. Angalia hesabu ya mkandarasi: analipwa kwa ada ya kaya, gharama yake kubwa ni mafuta na muda wa kwenda Pugu na kurudi. Akitenganisha, anahitaji safari mbili au gari lenye sehemu mbili. Mkataba haumlipi kwa hilo wala haumwadhibu asipofanya. Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?

Tunao mfano wa karibu wa sheria iliyofanya kazi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 haikumwangukia mnunuzi peke yake. Iligusa kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia. Duka likawa halina mfuko wa kukupa, basi ukabeba kikapu. Sheria ndogo za taka zinahitaji akili hiyo hiyo: zibane mnyororo mzima.

Mfano wa mbali ni San Francisco, Marekani. Mwaka 2009 jiji hilo lilipitisha sheria ya lazima: kila nyumba na kila biashara itenganishe taka katika mapipa matatu, la bluu kwa vitu vya kurejeleza, la kijani kwa vinavyooza, na jeusi kwa mabaki. Lakini magari na eneo la kutengenezea mboji vilikuwepo kabla ya amri. Huduma ya kukusanya taka zinazooza ilikuwa imeanza tangu miaka ya 1990. Mboji yake inauzwa kwa wakulima, wakiwemo wa mashamba ya zabibu. Hatuna fedha za San Francisco, sawa, ila mpangilio ule hauhitaji utajiri: njia ya kupeleka kwanza, amri baadaye.

KWA NINI TUANZE NA SOKO

Kutenganisha taka za kaya maelfu ni kazi ya miaka. Soko ni rahisi zaidi, kwa sababu taka zake tayari ni kama zimetenganishwa: asilimia kubwa ni majani na matunda, na zinalundikana mahali pamoja. Kinondoni wameshaanza njia hiyo kwa kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kwa ajili ya taka zinazooza, hasa za masoko.

Kuna faida nyingine hapa inayosahaulika. Mboga na matunda ni maji matupu. Gari la taka za soko, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na jiji linachoma dizeli kuyapeleka kilomita nyingi. Zikiozeshwa karibu na soko, uzito unashuka sana kabla hazijapakiwa. Na kule dampo, taka zinazooza zikifukiwa bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo huchochea moto na huongeza joto duniani.

MBOJI CHAFU NI HASARA YA KUDUMU

Sasa tuje shambani. Watu huniambia, "Si tuchukue tu ule udongo mweusi wa dampo?" Hapana. Taka zilizochanganyika zimekaa na betri za redio, taa zilizovunjika, dawa, rangi na vioo. Joto la lundo la mboji likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa huua vijidudu vingi na mbegu nyingi za magugu. Lakini madini kama risasi na kadimiamu hayafi kwa joto wala hayaozi. Yakiingia kwenye tuta yanabaki, na mboga za majani ndizo zinazoweza kuyapandisha hadi kwenye sahani. Ndiyo maana kutenganisha kunatakiwa kufanyika mwanzo. Kuchekecha baadaye kunaondoa kioo na plastiki, hakuondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka.

Na tusidanganyane kuhusu nguvu ya mboji. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23. Mboji yenye naitrojeni asilimia 1, tani nzima ina kilo 10 tu, na inaiachia taratibu. Thamani yake kubwa ni kurekebisha udongo wetu wa kichanga ushike maji na ushike hiyo mbolea unayonunua. Kwa sababu ni nzito na haina virutubisho vingi kwa kilo, usafiri ndo unaoamua kama inalipa. Kiwanda kikiwa mbali, bei ya gari inameza faida yote. Umeona tena? Tumerudi kwenye gari.

RASIMU IKITOKA, SEMA HAYA

Halmashauri haitungi sheria ndogo kimyakimya. Inatakiwa kutangaza kusudio lake na kupokea maoni na pingamizi za wananchi. Baada ya Baraza la Madiwani kupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, na inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo hubandikwa kwenye ofisi ya kata au mtaa. Likibandikwa, usipite tu. Nenda kwenye mkutano wa mtaa, mwone diwani, na muulize:

1. Mkandarasi atatakiwa kubeba taka zinazooza peke yake, kwa siku yake? Akichanganya, adhabu ni ipi?

2. Analipwa kwa kuondoa tu, au pia kwa kiasi anachofikisha kwenye mboji?

3. Masoko, hoteli na mama lishe wamewekewa ratiba yao kabla ya kaya?

4. Ardhi ya kutengenezea mboji imetengwa wapi, na ni umbali gani kutoka mashambani?

5. Waokota chupa na makopo wana nafasi gani? Hawa ndo wanaorejeleza taka zetu leo, bila mshahara. Sheria ikimpa mtu mmoja haki ya kila kilichomo kwenye ndoo, wanakosa riziki na urejelezaji unarudi nyuma.

6. Mboji itapimwa na nani kabla ya kuuzwa kwa mkulima?

Swali la sita wakulima hulisahau. Usilisahau.

WAKATI UNASUBIRI SHERIA

Huna haja ya kukaa tu. Tafuta genge moja, mama lishe mmoja au wauza matunda wawili. Wape ndoo zenye mfuniko, kubalianeni siku ya kuchukua, na usikose siku hiyo. Ukikosa, ataitupa na hatakuamini tena.

Panga lundo lenye upana na kimo cha kama mita moja. Tabaka la majani mabichi na maganda, kisha tabaka nene kidogo la vitu vikavu: majani makavu, mabua au maranda. Weka samadi au kinyesi cha kuku kidogo. Chukua ngumi moja uiminye: yakichuruzika maji, ongeza vikavu, ikisambaratika kama vumbi, nyunyiza maji. Geuza kila wiki mwezi wa kwanza, baadaye kila wiki mbili. Ikinuka kama yai bovu imekosa hewa, igeuze.

Ndani ya miezi miwili hadi mitatu itakuwa nyeusi, imepoa, na inanuka kama udongo baada ya mvua. Kabla ya kuimwaga shambani, ijaribu. Jaza kopo moja udongo wako mtupu, la pili nusu udongo nusu mboji. Panda mbegu 20 za mchicha kila kopo, hesabu baada ya wiki moja. Zikiota chache kwenye kopo lenye mboji, au zikiota za njano, mboji bado haijaiva. Isubiri. Jaribio hili pia lifanye kwa mboji yoyote unayouziwa, ila kumbuka haliwezi kukuonyesha madini mazito. Kwa hayo lazima ujue taka zilitoka wapi.

Ikiwa tayari, ndoo mbili hadi tatu za lita 20 zinatosha tuta la mita 1 kwa 10. Ichanganye na udongo wa juu, umwagilie, kisha upande.

Kwa leo niishie hapa. Ukiona tangazo la rasimu kwenye ofisi ya mtaa wako, lisome lote, kisha waambie na wakulima wenzako siku ya mkutano. Kazi njema.