Tukuyu Inahama Kuelekea Kaskazini-Mashariki

Trafiki akikupiga tochi unapotoka Kiwira kuingia Tukuyu, namba inayosomeka ni kasi ya gari kwa kulinganisha na yeye aliyesimama kando ya barabara. Mbele ya konda, abiria anayesinzia dirishani hana kasi yoyote. Na wote hao, tochi ikiwemo, wanazungushwa na dunia kwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,650 kwa saa, wala hakuna anayeandikiwa faini. Kasi haina maana mpaka useme unailinganisha na nini.

Kwenye barabara hii ya milima, hiyo ni hesabu ya roho za watu. Kosta iliyo kwenye 60 ikitaka kulipita lori linalopanda kwa 40, inalizidi kwa 20 tu, yaani kama mita tano na nusu kwa sekunde. Kulimaliza lori na tela lake na kurudi kushoto salama, tuseme mita 50, kunataka sekunde tisa. Ndani ya sekunde hizo Kosta imekula mita 150 za lami, na gari linalokuja mbele kwa 60 limekula 150 nyingine. Jumla 300. Kwa kona na ukungu wa wilaya hii ya Rungwe, dereva gani anaziona mita 300?

Ila mwendo unaonivutia zaidi ni wa ardhi yenyewe. Rungwe ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Mabamba matatu ya ardhi, Nubia, Viktoria na Rovuma, yanaachana hapa. Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzake walichapisha mwaka 2014 vipimo vya mwendo huo katika Afrika Mashariki nzima. Chombo chao ni GPS, lakini si ile ya simu: antena hufungwa imara, kwenye mwamba inapowezekana, ikapokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kilomita 20,200 hivi. Vipimo vya siku nzima vikichanganuliwa, mahali pa antena hujulikana kwa milimita chache. Miaka ikipita, mwendo unajitokeza wenyewe.

Majibu ni mawili. Kwa kulinganisha na dunia nzima, Tukuyu inakwenda kaskazini-mashariki sentimita mbili hadi tatu kwa mwaka, pungufu kidogo ya kucha inavyokua. Kwa kulinganisha na bamba la Nubia, upande wa Zambia, tofauti ni milimita chache tu. Hiyo ndogo ndiyo ya kuogopwa. Ardhi ikisafiri yote pamoja haivunji hata kikombe; kinachopasua miamba ni tofauti ya mwendo kati ya upande mmoja na mwingine. Desemba 2009, ng'ambo ya mto Songwe, matetemeko mfululizo yaliyofikia kipimo cha 6.0 yalibomoa nyumba na kuua watu Karonga, Malawi.

Ile kasi kubwa, ya sentimita kwa mwaka, inamhusu mpimaji ardhi. Bikoni ya shamba iliyopimwa kwa usahihi mwaka 2000 imeshahama zaidi ya nusu mita, ndiyo maana mpimaji makini huandika na tarehe ya vipimo. Jirani mwenye uchu wa mipaka asifurahi mapema: bikoni yake nayo imehama nusu mita hiyohiyo, upande uleule.