Sataranji za plastiki za zamani: kwa nini watu wanazikusanya na namna ya kuzilinganisha

Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tungekitupa bila kufikiri: kete za plastiki za sataranji, ule mchezo ambao watoto wetu shuleni wanauita échecs. Huko Ulaya, Marekani na Urusi kuna watu wanaotafuta seti za plastiki zilizotengenezwa miaka 50, 60, hata 80 iliyopita. Wanazinunua kwenye masoko ya vitu vya zamani, wanazisafisha, wanazipanga mezani na kuzilinganisha moja na nyingine. Mtu atauliza: plastiki nayo ni hazina? Tunajibu ndiyo, na sababu moja inaanzia hapa kwetu Kongo.

Zamani ilikuwa pembe

Seti nyingi tunazoziona leo zinafuata umbo moja linaloitwa Staunton. Nathaniel Cooke aliliandikisha London tarehe 1 Machi 1849. Mwaka ule ule John Jaques akaanza kulitengeneza na kuliuza, na likapewa jina la Howard Staunton, mchezaji mkubwa wa Uingereza wakati huo. Seti za kawaida zilichongwa katika mti. Seti za matajiri zilichongwa katika pembe za ndovu.

Pembe hizo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Afrika. Miaka ile misafara ilikuwa ikibeba pembe kutoka Maniema hadi pwani na Zanzibar. Tippu Tip na watu wake walikuwa Kasongo na Nyangwe. Wengi walioibeba mizigo ile begani hawakuchagua kazi hiyo, walikuwa watumwa. Kiswahili tunachokisema leo mashariki ya Kongo kiliingia kwa sehemu kubwa kwa njia zile zile. Baadaye, wakati wa mfalme Leopold wa Pili, pembe zilishuka mtoni na kuvuka bahari hadi Antwerp, kule Ubelgiji. Hatusemi kwamba kila mfalme wa sataranji alitoka kwetu. Lakini kila kete ya pembe ilianza na tembo aliyekufa na mtu aliyebeba mzigo.

Plastiki inachukua nafasi

Karibu na mwaka 1869, huko Marekani, John Wesley Hyatt alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe. Kampuni moja ilikuwa imeahidi zawadi ya dola 10.000 kwa atakayekipata. Kazi yake ilizaa seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza.

Mwaka 1907 Leo Baekeland akafaulu kutengeneza bakeliti. Alikuwa mtu wa Ghent, Ubelgiji, aliyehamia Marekani. Baba yake alikuwa fundi viatu na mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Bakeliti tunaijua hata kama jina ni geni: ndiyo ile plastiki ngumu nyeusi ya mikono ya sufuria za zamani na ya maganda ya redio za wazee wetu. Haiyeyuki kwa moto wa jiko.

Baada ya vita vya pili vya dunia, polistireni ikaenea. Inayeyushwa, inasukumwa ndani ya kalibu ya chuma, inapoa, na kete inatoka tayari. Kalibu moja inatoa maelfu ya farasi wanaofanana, wakati fundi wa mti alikuwa akimchonga kila farasi kwa mkono. Kwa hiyo bei ilishuka, na mchezo uliokuwa wa sebule za matajiri ukaingia katika nyumba za wafanyakazi.

Seti tatu za kulinganisha

Ya kwanza ni ya Sovieti. Viwanda vya huko vilitengeneza seti za kaboliti, ndugu ya bakeliti, na baadaye seti za plastiki nyepesi zaidi. Mfalme wa seti nyingi za Sovieti hana msalaba kichwani. Katika seti kadhaa, ncha ya kichwa ina rangi ya upande wa pili: mfalme mweupe ana ncha nyeusi, na mweusi ana nyeupe. Kete ambayo Waingereza wanaiita askofu na Wafaransa wanaiita mwendawazimu, Warusi wanaiita slon, yaani tembo. Katika nchi hiyo watoto wengi walijifunza mchezo, wasichana pia. Nona Gaprindashvili wa Georgia alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake tangu 1962 hadi 1978, na mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandimasta.

Ya pili ni Player's Choice ya kampuni Drueke, ya Grand Rapids, Michigan. Inafuata umbo la Staunton. Kete zake zina uzito chini, hazianguki ovyo mtu anapogusa meza. Wakusanyaji wanaipenda kwa sababu ilifanywa kwa ajili ya kuchezwa kila siku.

Ya tatu ni ya mchongaji Peter Ganine, wa Marekani. Kete zake zina nyuso za watu, kama sanamu za kanisa la zamani. Kete za Ganine zilionekana hata katika Star Trek, filamu za televisheni za miaka ya 1960. Mchongaji huyo huyo alitengeneza bata wa plastiki anayeelea majini, jamaa ya wale tunaowaogeshea watoto.

Namna ya kulinganisha

Mkusanyaji mzuri haangalii umri tu. Anaanza na farasi. Kete nyingine ni za mviringo na ni rahisi. Farasi ndiye anayeonyesha kama aliyetengeneza kalibu alikuwa fundi. Angalia jicho, pua na manyoya ya shingo: je, yanaonekana wazi, au ni kama sabuni iliyoyeyuka?

Kisha anatafuta mshono. Plastiki ya kalibu ina mstari mwembamba mahali nusu mbili zilipokutana. Katika seti nzuri mstari huo umesuguliwa mpaka haushikiki kwa ukucha.

Kisha anapima uzito na urefu. Kwa mashindano, shirikisho la dunia FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, linashauri mfalme awe na sentimita 9,5 na kila mraba wa ubao uwe na sentimita 5 hadi 6. Plastiki inakubaliwa sawa na mti. Seti ya zamani yenye vipimo hivyo bado ni seti ya kazi.

Mwisho anahesabu. Kete ni 32: wafalme 2, malkia 2, maaskofu 4, farasi 4, ngome 4 na askari 16. Askari mmoja akipotea, bei kwa wakusanyaji inashuka sana. Kwa kucheza haina shida. Kifuniko cha soda, kama vile vya mchezo wa dame, kinatosha kuwa askari.

Kabla mtoto hajazishika

Hapa tunawaomba wamama wasome polepole. Seti za zamani zinaweza kufika kwetu katika mizigo ya mitumba au mkononi mwa ndugu anayetoka Ulaya, na si zote zinafaa kwa watoto.

Jambo la kwanza ni moto. Seluloidi inawaka haraka sana. Ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto, mara nyingi inatoa harufu ya kafuri. Ukisikia harufu hiyo, weka seti mbali na mishumaa, taa ya mafuta na mbabula. Usiijaribu kwa kiberiti hata kidogo.

Jambo la pili ni uzito uliofichwa chini ya kete. Zamani baadhi ya viwanda viliweka chuma, vingine viliweka madini ya risasi, ile iliyo ndani ya betri za gari. Risasi ni sumu, na inaharibu ubongo wa mtoto. Weka sumaku chini ya kete. Ikivuta, ni chuma. Isipovuta na kete ni nzito, ihesabu kuwa ni risasi: usiifungue, na usimpe mtoto mdogo anayetia vitu kinywani. Kete ikipasuka, iondoe kabisa katika seti, kisha nawa mikono. Mtoto akimeza kitu cha namna hiyo, mpelekeni kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuosha ni rahisi: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Usichemshe. Usitumie dawa ya kuondolea verni ya kucha, kwa maana inayeyusha polistireni. Usiache seti juani. Nyeupe itageuka kuwa ya njano.

Na kama mtu akikuletea ya pembe?

Pembe ya kweli, ukitazama mahali ilipokatwa, ina mistari myembamba inayokatana kama wavu. Seluloidi iliyoiga pembe ina mistari iliyonyooka, inayokwenda sambamba. Mkataba wa CITES ulikubali mwaka 1989 kufunga biashara ya pembe za tembo kati ya nchi na nchi, na tembo wa misitu yetu sasa yuko katika hatari kubwa sana ya kwisha. Mtu akikwambia uweke feza katika seti ya pembe, au umsafirishie, kataa. Inaweza kukupeleka mbele ya sheria, na inamtafutia soko mwindaji.

Seti ya plastiki haina deni hilo. Kama iko nyumbani kwenu, hesabuni kete, jaribuni kwa sumaku, osheni, kisha fundisheni watoto, wasichana kwa wavulana. Kwa jirani zetu wa Uganda, Phiona Mutesi alijifunza mchezo huu katika mtaa maskini wa Katwe, Kampala, akafika kuchezea nchi yake. Plastiki inafanya kazi yake pale mtoto anapoishika na kufikiri kabla ya kuisogeza.