Je, Wajua? Diwani, Mali Zake na Kiti Chake Barazani

Je, wajua kuwa diwani wa Kashaulili, Makanyagio au Kakese anabanwa na sheria ileile inayombana Rais, mawaziri na wabunge? Ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995. Imewataja waziwazi meya, mwenyekiti, wajumbe na mkurugenzi wa halmashauri. Wengi wetu Mpanda hudhani kutamka mali ni shughuli ya wakubwa wa Dodoma. Kumbe hata mheshimiwa tunayekutana naye sokoni asubuhi ana fomu ya kujaza.

Ana siku 30 tangu ashike wadhifa. Baada ya hapo hutamka tena kila mwisho wa mwaka, na mara ya mwisho anapoondoka madarakani. Ndiyo maana kila ikikaribia tarehe 31 Desemba utasikia Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ikiwakumbusha viongozi nchi nzima. Sekretarieti hiyo imetajwa kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 132, na tamko hupelekwa kwa Kamishna wa Maadili.

Je, wajua kuwa tamko si la mali za diwani peke yake? Za mke au mume zimo, na za watoto walio chini ya umri wa miaka 18 ambao hawajaoa au kuolewa. Madeni nayo yamo. Wanaosoma kichwa cha fomu bila kuendelea huyasahau madeni, na mimi nadhani huko ndiko kwenye uzito. Diwani mwenye ng'ombe 200 tutamjua tu, kwani ng'ombe hawafichiki. Lakini diwani anayedaiwa mamilioni na mtu anayeomba kazi ya kujenga zahanati, huyo nani atamjua asiposema mwenyewe?

Kuna mali ambazo sheria imeziacha kando kwa kuwa ni za matumizi ya nyumbani: nyumba anayoishi na familia, vyombo vya ndani, gari la shughuli zake binafsi, shamba la kulisha familia. Shamba la biashara halimo katika msamaha huo. Fedha za benki hazimo, wala gawio la hisa. Kwa Katavi tofauti hii ina maana kubwa. Tuseme diwani wa Mpimbwe analima ekari tatu za mahindi ya kula nyumbani, na ng'ambo ya pili ana ekari 60 za mpunga unaoondoka na malori kila msimu. Zile tatu ni chakula cha watoto. Zile 60 ni mali ya kutamkwa, hata kama jembe ni lilelile na mkulima ni yuleyule.

Je, wajua kuwa kuwa na maslahi si kosa? Hapa ndipo watu wengi hupotea, madiwani wenyewe wakiwemo. Mji kama Mpanda hauna watu wengi kiasi cha kupata diwani asiye na duka, shamba, gereji, shemeji mkandarasi wala binamu mwenye kibanda sokoni. Tungemtafuta mtu wa namna hiyo, tungempata mgeni aliyeshuka kwenye treni jana. Sheria inalijua hilo. Haimtaki diwani awe mtu asiye na kitu. Inamtaka aseme alichonacho, na aseme kabla jambo halijaamuliwa.

Namna ya kusema ni nyepesi mno. Baraza limeketi, ajenda imefika ya kupangisha vibanda vya soko. Diwani mwenye vibanda viwili hapo anasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, katika ajenda hii nina maslahi." Anaeleza ni maslahi gani. Hachangii, hapigi kura. Katibu wa kikao, ambaye kwa mujibu wa sheria ni mkurugenzi, anaandika kwenye muhtasari. Haifiki hata dakika moja.

Kubwa zaidi ni kutoka nje. Anayebaki ndani kimya bado anahesabika machoni mwa wenzake. Nani atasema "kodi ya vibanda ipande" huku mwenye vibanda amekaa kiti cha pili, na kesho wenzake watahitaji kura yake kwa barabara za kata zao? Kiti kikiwa wazi, mjadala unakuwa huru. Kwa hiyo ukiwa umekwenda kusikiliza baraza ukamwona mheshimiwa anainuka na kutoka kabla ya ajenda fulani, usimcheke wala usimshuku. Mheshimu. Wa kumtilia shaka ni yule ambaye miaka mitano yote hakuwahi kuinuka.

Maslahi si lazima yawe yake moja kwa moja. Mke ana kampuni ya kusambaza vifaa vya shule. Hayo ni maslahi. Ana ubia na mtu anayeomba zabuni, hayo pia.

Madiwani wana kanuni zao mahususi pia, Kanuni za Maadili ya Madiwani za mwaka 2000, na kila halmashauri ina kamati ya maadili. Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, na halmashauri za wilaya za Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika.

Je, wajua kuwa diwani hakai kwenye bodi ya zabuni? Wajumbe wa bodi hiyo ni watumishi. Kazi ya diwani ni kupitisha bajeti na mipango, kisha kusimamia na kuhoji. Akianza kupiga simu kuuliza "yule kijana wangu mmemfikiria?", ameshaziacha kazi zote mbili.

Sasa tuje kwenye ushuru, maana ni chanzo muhimu cha mapato ya ndani ya halmashauri za Katavi. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5. Katika bajeti ya mwaka 2017 Serikali ilitangaza kuushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaruhusiwa kuvuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila kutozwa. Sheria ndogo za ukusanyaji hupitishwa na nani? Madiwani. Vizuizi viwekwe wapi, faini iwe kiasi gani, wakala wa kukusanya awepo au asiwepo, yote hupita mikononi mwao. Na katika mkoa wa mpunga, mahindi, tumbaku na pamba, ni madiwani wangapi hawana gunia hata moja linalopita kizuizini? Diwani mkulima wa kawaida ana maslahi sawa na wapiga kura wake wote, na hilo halimzuii kuzungumza. Mwenye malori matano ya kununua mazao ana jambo la kutangaza. Tofauti hiyo inahitaji busara ya mwenyekiti, na mwenyekiti mzuri huuliza mapema, kabla mjadala haujapamba moto.

Migodini hali ni hiyohiyo. Mpanda ulikua kwa madini: reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Leo ni dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hudaiwa ushuru wa huduma kutokana na mauzo yake, na mdai ni halmashauri. Diwani mwenye karasha, kwa hiyo, ni mdaiwa na mdai kwa wakati mmoja. Akilitangaza, mambo yanakwenda. Akilificha, kila mchimbaji anayefuatwa na watoza ushuru atauliza kwa nini lile karasha moja halifuatwi.

Ipo na mikopo ya asilimia 10: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani ya kila halmashauri. Mwaka 2018 iliwekwa kwenye sheria. Aprili 2023 ilisimamishwa baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha kasoro, vikiwemo vikundi hewa, na mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Jirani zetu wa Nkasi, mkoani Rukwa, walikuwa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribia utoaji kupitia benki. Kikundi ambacho mke wa diwani ni mweka hazina kinaweza kuwa kikundi halali kabisa. Lakini diwani huyo asiwepo kinapojadiliwa.

Je, wajua kuwa misitu ya Katavi inaingiza fedha bila mti kukatwa? Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, kuzunguka milima ya Ntakata, vinauza hewa ukaa kupitia mradi unaoendeshwa na Carbon Tanzania. Mabilioni ya shilingi yameingia vijijini humo: zahanati zimejengwa, madarasa yameongezeka. Fedha hii ni ngeni, nyingi, na inafika moja kwa moja kwa serikali za vijiji. Kwangu mimi hakuna mahali Katavi ambako kanuni ya kutangaza maslahi inahitajika kuliko huko. Anayechagua fundi wa zahanati ya Katuma au Mwese anagusa fedha iliyopatikana kwa sababu wananchi walikubali kutolima sehemu ya ardhi yao. Walijinyima wao, na wana haki ya kujua nani ni ndugu wa fundi.

Katavi ina raia wapya pia. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Wengi wao wanaishi Katumba iliyoko Nsimbo, na Mishamo iliyoko wilayani Tanganyika. Wengine Ulyankulu, Tabora. Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi. Kwa raia hawa wapya diwani ni miongoni mwa sura za kwanza za dola walizopata kuzichagua. Wanachojifunza kutoka kwake kuhusu fedha ya umma ndicho watakachodhani ni Tanzania.

Je, wajua kuwa wazo hili lina umri mkubwa kuliko mkoa wenyewe? Katavi ilizaliwa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Rukwa. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kuwataja madiwani kati ya viongozi waliokatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba za kupangisha. Na lilimhesabu kiongozi kuwa ni mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM ikalegeza masharti ya Arusha. Miaka minne baadaye ikaja sheria ya 1995. Kwa maneno mafupi: Arusha ilisema usiwe nayo; sheria ya leo inasema kuwa nayo, lakini itaje. Mimi naona ya leo ni ngumu zaidi kuisimamia. Nyumba ya kupangisha inaonekana na kila mpita njia. Uongo ndani ya fomu unaonekana na mkaguzi tu.

Kutangaza maslahi barazani hakuishii kwa madiwani wa kata. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa baraza la halmashauri yake, kwa hiyo Mizengo Pinda, mtoto wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alikuwa pia mjumbe wa baraza la nyumbani.

Adhabu? Kwa sheria ya 1995, Baraza la Maadili linaweza kupendekeza onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, kushauriwa kujiuzulu au kufukuzwa, na jambo la jinai likapelekwa kwenye vyombo vyake. Februari 2015 Baraza hilo, chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, liliketi hadharani Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, kusikiliza mashauri ya viongozi waliotajwa katika sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Uingereza, kwa Sheria ya 2011, diwani ana siku 28 za kuandikisha maslahi yake, na kuyaficha makusudi bila sababu ya msingi ni kosa la jinai. Tena rejesta yao huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri, mtu akasoma akiwa kitandani.

Kwetu? Daftari la matamko lipo na mwananchi anaruhusiwa kuliona, ila kwa masharti: kwanza awe amewasilisha malalamiko dhidi ya kiongozi huyo, Kamishna aridhike kwamba ni ya kweli na yana nia njema, kisha alipe ada. Yaani inakupasa umshuku mtu kwanza ndipo uruhusiwe kujua. Utaratibu huu ugeuzwe. Rejesta ya maslahi ya madiwani wa Mpanda ingebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa manispaa, kurasa chache tu, shaka nyingi zingekwisha bila shauri hata moja.

Lakini mlango mmoja uko wazi tayari. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa wananchi na wanahabari, na ule wa kawaida hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Huhitaji kadi ya chama wala barua ya mtendaji. Nenda na kalamu, keti nyuma, na ajenda ya zabuni, viwanja au vibanda ikifika, andika nani alisimama na kusema ana maslahi.