Mechi kubwa inapofika mtaani: nani aegeshe wapi, na barabara ipi ifungwe?

Siku ya mechi kubwa, wengi wetu tunasubiri saa ya mpira kuanza. Wanaoishi jirani na uwanja wana wasiwasi mwingine: je, wataweza kutoka nyumbani kwao? Magari ya wageni huegeshwa mbele ya mageti, juu ya mitaro na kwenye milango ya maduka. Mjamzito akishikwa na uchungu jioni hiyo, gari la kumpeleka hospitali linakosa njia. Mkulima aliyetoka kijijini alfajiri na matenga ya nyanya anakwama kwenye foleni mpaka soko linafungwa.

Jambo hili linatuhusu sana Afrika Mashariki. Septemba 27, 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilichaguliwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027. Kwa ajili hiyo vilipangwa viwanja vipya: Arusha uwanja wa watu 30,000, Nairobi uwanja wa Talanta wa watu 60,000, na Hoima, magharibi mwa Uganda, uwanja wa watu 20,000. Mwaka 2025 nchi hizo tatu ziliandaa mashindano ya CHAN, yaliyofunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Agosti 2 na kumalizika Kasarani, Nairobi, Agosti 30.

Huenda wewe msikilizaji utasafiri kwenda kutazama mechi, au una ndugu anayeishi karibu na uwanja, au shughuli zako zinategemea barabara inayopita hapo. Makala hii inaeleza jinsi miji iliyokwisha kuandaa michezo mikubwa ilivyopanga maegesho na magari, yapi yalifaulu na yapi yalileta manung'uniko.

Kwa nini uwanja wa magari mkubwa zaidi hautoshi?

Watu wengi hudhani dawa ni kutenga eneo kubwa la kuegesha. Tupige hesabu. Tuseme uwanja unachukua watu 60,000 na wote wanakuja kwa magari madogo, watu watatu kila gari. Hayo ni magari 20,000. Gari moja, pamoja na nafasi ya kuingilia na kugeuzia, linahitaji kama mita za mraba 25. Kwa hiyo zitahitajika mita za mraba 500,000, yaani hekta 50, au zaidi ya ekari 120. Ni sawa na viwanja 70 vya mpira vilivyopangwa pamoja kwa ajili ya magari tu.

Hata ardhi hiyo ikipatikana, kuna tatizo la pili: kutoka. Njia moja ya barabara isiyo na makutano hupitisha kama magari 1,800 kwa saa. Ikiwa na taa au makutano, hupitisha kama nusu yake. Zikiwepo njia nne za kutokea, zote zenye makutano, magari yale 20,000 yatahitaji zaidi ya saa tano kuondoka. Mechi ikiisha saa 3 usiku, wa mwisho atatoka baada ya saa 8 usiku.

Sasa watu hao hao wapande mabasi, 60 kila basi. Ni mabasi 1,000. Hata kila basi likipewa nafasi ya magari manne madogo, ekari 25 zinatosha. Barabara nazo hupumua, kwa sababu basi moja limechukua nafasi ya magari madogo 20.

Ndiyo maana miji iliyofanikiwa haikuanza na swali la magari yaegeshwe wapi. Ilianza na swali la namna ya kumfanya mtazamaji aache gari mbali, au asije na gari kabisa.

London ilifanya nini mwaka 2012?

Michezo ya Olimpiki ya London ilianza Julai 27 hadi Agosti 12, 2012. Uwanja mkuu ulikuwa Stratford, mashariki mwa jiji, katikati ya mitaa yenye nyumba nyingi. Waandaaji walichukua hatua tatu kubwa.

Kwanza, watazamaji wa kawaida hawakupewa maegesho kwenye uwanja huo. Nafasi zilizokuwepo za watazamaji ziliwekwa kwa watu wenye ulemavu, tena kwa kuomba mapema. Badala yake, aliyenunua tiketi ya mchezo wa London alipata pamoja nayo tiketi ya usafiri wa umma ya siku hiyo. Hakuwa na sababu ya kusema nauli imemshinda. Treni maalumu ilitoka kituo cha St Pancras, katikati ya jiji, mpaka Stratford kwa dakika 7.

Pili, mitaa iliyozunguka viwanja iliwekewa utaratibu wa muda wa maegesho. Mkazi alipewa kibali cha gari lake. Asiye na kibali alipigwa faini au gari lake kuondolewa.

Tatu, barabara zenye urefu wa kama kilomita 175 ziliwekwa kwenye mpango maalumu wa michezo. Katika kama kilomita 48 za barabara hizo, njia moja ilitengwa kwa magari ya wanamichezo, waamuzi na wahusika wengine. Dereva mwingine aliyeingia humo alitozwa faini ya pauni 130. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yaliruhusiwa yakiwa kwenye dharura.

Hatua hizo hazikumfurahisha kila mtu. Madereva wa teksi waliandamana kwa sababu walizuiwa kutumia njia hizo. Wafanyabiashara wa katikati ya jiji walilalamika kwamba wananchi walionywa sana kuhusu foleni, mpaka wateja wakakaa nyumbani na maduka yakabaki matupu. Baada ya kuona barabara zinapitika, wasimamizi walifungulia magari yote baadhi ya njia zilizotengwa, kwa saa ambazo hazikuhitajika.

Tunajifunza hapa kwamba tangazo linapaswa kumwambia mtu barabara ipi, siku ipi na saa ngapi. Kumwambia tu asije mjini kunamnyima mfanyabiashara riziki bila sababu.

Wembley: mitaa inayoishi na mechi kila mwaka

Olimpiki hupita mara moja. Uwanja wa Wembley, pia London, una viti 90,000, na ulifunguliwa upya mwaka 2007. Umezungukwa na nyumba za watu, na kila mwaka una siku nyingi za mechi na matamasha.

Halmashauri ya eneo hilo, inayoitwa Brent, imechora mpaka kuzunguka uwanja. Ndani ya mpaka huo, siku ya shughuli kubwa, kuegesha barabarani ni kwa wenye vibali. Siku za kawaida mitaa mingi haina masharti hayo. Mabango hukumbusha watu tarehe ya shughuli inayofuata, ili mgeni asiseme hakujua. Maegesho rasmi ya uwanja hununuliwa kabla ya siku yenyewe, na watazamaji wengi hufika kwa treni kupitia vituo vitatu vilivyo jirani, kisha hutembea kwa miguu.

Utaratibu wa namna hii una mambo matatu ya kuangalia popote unapowekwa.

La kwanza ni mpaka. Mtazamaji yuko tayari kutembea nusu saa ili asilipie maegesho, na kwa nusu saa mtu hutembea kama kilomita mbili. Mpaka ukichorwa nusu kilomita kutoka uwanjani, tatizo linahamia mtaa wa pili, ambao haukupewa vibali wala askari.

La pili ni wageni wa wakazi. Mkazi naye ana msiba, harusi, muuguzi anayekuja kumhudumia mzee, au fundi. Lazima kuwe na kibali cha mgeni kinachopatikana kwa urahisi. La sivyo, utaratibu uliowekwa kumlinda mkazi unamfungia ndani.

La tatu ni usimamizi. Kibali kisichokaguliwa ni karatasi tu. Gari la kwanza likiegeshwa vibaya bila kuchukuliwa hatua, mengine hamsini hulifuata.

Je, kwetu mambo ni yale yale?

Hapana, si yote. Kwetu watazamaji wengi hawana magari. Wanakuja kwa daladala au matatu, kwa bodaboda na kwa mabasi ya kukodi kutoka wilayani. Kwa hiyo maegesho kwetu ni suala la mabasi na Coaster zilizokodiwa, pamoja na bodaboda mamia kwa mamia zinazosubiri abiria kwenye kona moja. Zisipopangiwa mahali, husimama barabarani, na barabara hufungwa hata kama hakuna gari dogo hata moja.

Mabasi ya mikoani yanahitaji eneo nje ya mji, kwenye barabara kuu wanakoingilia, na mabasi madogo ya kuwapeleka abiria uwanjani na kuwarudisha. Bodaboda zinahitaji vituo vilivyotiwa alama, umbali mfupi kutoka mageti, ili watu watembee kidogo na njia ya uwanjani ibaki wazi. Njia ya gari la wagonjwa inapaswa kubaki wazi muda wote, na kila askari ajue ni ipi.

Kuna tofauti nyingine. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba zinazosomeka, kwa hiyo kutoa kibali kwa anwani ni vigumu. Lakini tuna kitu ambacho miji mingi ya Ulaya haina: mwenyekiti wa mtaa, balozi au kiongozi wa nyumba kumi anayewajua watu wake kwa sura. Orodha ya magari ya wakazi inaweza kuandikwa kwake, na kila gari likapewa stika yenye namba ya usajili, ili isiuzwe wala kuazimwa.

Pia kuna riziki. Siku ya mechi, mwenye uwanja mpana nyumbani anaweza kuegeshea wageni magari kwa malipo, na mama lishe anauza kuliko siku zote. Kuwafukuza wote ni kuwanyima wenyeji faida ya mashindano yanayowasumbua. Njia nzuri ni kuandikisha mapema wanaotaka kuegesha magari uani kwao, kukagua kama gari la zimamoto linaweza kupita, na kuwapangia wauza chakula sehemu isiyoziba njia.

Na wanaopita tu je?

Kundi hili husahaulika, na ndilo lenye wasikilizaji wetu wengi. Ni lori la mahindi, gari la maziwa, basi la mgonjwa anayekwenda hospitali ya rufaa. Hawana haja na mechi, ila barabara yao inapita jirani na uwanja.

Los Angeles, Marekani, iliandaa Olimpiki mwaka 1984 huku watu wakitabiri jiji lote litasimama. Kampuni zilibadilisha saa za kazi ili wafanyakazi wasitoke kwa wakati mmoja, na malori mengi yalipeleka mizigo usiku. Barabara zilipitika vizuri kuliko ilivyohofiwa. Hatua hiyo haikuhitaji kujenga barabara mpya. Ilihitaji watu kupewa taarifa mapema.

Kwa mkulima, taarifa iliyofika siku moja kabla imechelewa, maana nyanya zimeshachumwa. Inatakiwa ije wiki kadhaa kabla, itaje jina la barabara, saa ya kufungwa, saa ya kufunguliwa na njia ya kuzungukia.

Mambo ya kuuliza na kufanya

Kama unaishi karibu na uwanja, uliza kwenye mkutano wa mtaa: mpaka wa eneo lenye masharti unaishia wapi? Kibali cha mkazi na cha mgeni kinatolewa na nani, na kinalipiwa? Gari la wagonjwa litapita wapi? Namba gani ya simu itapokelewa usiku wa mechi, gari likiziba geti? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.

Kama unasafiri kwenda kwenye mechi, msikodi basi kabla ya kujua litaegeshwa wapi. Kubalianeni na dereva mahali pa kukutana baada ya mechi, kwa jina la mahali, kwa sababu mtandao wa simu huzidiwa watu wanapokuwa wengi. Ondokeni mapema, na mkifika msiegeshe mbele ya geti la mtu hata kama kuna wengine wamefanya hivyo.

Kama una mzigo wa kupeleka sokoni, pata ratiba ya mechi za mji huo na uiandike kwenye kalenda yako ya mavuno. Pitisha mzigo usiku au asubuhi ya siku hiyo, kabla barabara hazijafungwa.

Na kama wewe ni kiongozi wa kijiji au mtaa, usisubiri barua. Nenda halmashauri au kwa mkuu wa usalama barabarani sasa, ukiwa na majina ya barabara ambazo watu wako wanazitumia kwenda hospitali, sokoni na shuleni. Ramani ya mechi ikishachapishwa, kuibadilisha huwa vigumu.