Hukuridhika na Huduma ya Daktari? Fahamu Malalamishi Yako Yanakoenda

Mgonjwa ametibiwa, hali yake imezidi kuwa mbaya, na familia inaamini kwamba daktari alikosea. Jamaa huanza kuzunguka: leo kwa msimamizi wa hospitali, kesho kwa chifu, kesho kutwa kituo cha polisi. Miezi hupita, stakabadhi hupotea, na wengi huchoka kabla ya kufika mlango unaofaa. Makala haya yanaeleza milango iliyopo na kile ambacho kila mmoja unaweza kukupa.

Hospitali na kaunti

Chini ya Katiba ya 2010, hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati ni jukumu la serikali za kaunti. Kwa hivyo, ukihudumiwa vibaya, ukitukanwa au ukicheleweshwa bila sababu, anza kwa msimamizi wa kituo chenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa, malalamishi yake yachunguzwe, na ajulishwe matokeo kwa maandishi ndani ya miezi 3. Utaratibu wa kulalamika unafaa kubandikwa mahali panapoonekana katika kila kituo.

Kaunti ikiwa mwajiri inaweza kumchukulia mfanyakazi wake hatua za kinidhamu. Hata hivyo, haiwezi kumpokonya daktari leseni. Mamlaka hayo yako kwingine.

Baraza la Madaktari

Leseni za madaktari na madaktari wa meno hutolewa na baraza la kitaifa lijulikanalo kwa kifupi kama KMPDC. Baraza hili pia husajili na kutoa leseni kwa hospitali, ziwe za umma au za kibinafsi. Lilikuwa bodi hadi mwaka wa 2019, sheria ilipofanyiwa marekebisho. Makao yake yako barabara ya Woodlands, Nairobi.

Mtu yeyote ambaye hakuridhika na huduma ya kitaalamu ya daktari anaweza kuliandikia Baraza. Eleza kwa mpangilio: nani alitibiwa, wapi, tarehe gani, nani alihudumu, nini kilifanyika na kwa nini unaona palikuwa na kosa. Ambatisha nakala za karatasi za matibabu na ubaki na zile halisi. Ikiwa mgonjwa amefariki na familia ina shaka kuhusu chanzo, omba uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Baada ya mazishi, ushahidi huo ni vigumu sana kuupata.

Baraza likipokea malalamishi, humtaka daktari na hospitali watoe maelezo na rekodi za mgonjwa. Kamati ya nidhamu na maadili huchunguza jambo hilo, na inaweza kuita pande zote mbili na mashahidi. Daktari ana haki ya kujua anachodaiwa na kujitetea, kwa hivyo malalamishi pekee si hukumu. Mlalamishi naye ana haki ya kusikizwa.

Swali kuu mbele ya kamati ni hili: je, daktari huyu alifanya yale ambayo daktari mwenye ujuzi kama wake angetarajiwa kufanya katika hali ile? Mgonjwa anaweza kufariki ingawa kila hatua ilifuatwa. Vilevile mgonjwa anaweza kupona ingawa daktari alizembea. Ndiyo sababu rekodi zina uzito kuliko hasira.

Kosa likithibitishwa, Baraza linaweza kumpa daktari onyo la maandishi, kumwagiza arudi kwa mafunzo, kumweka chini ya uangalizi, kumtoza faini, kusimamisha leseni yake au kuondoa jina lake kwenye sajili. Leseni ya hospitali au ya sehemu yake pia inaweza kusimamishwa. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Kama aliyekuhudumia si daktari

Si kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Malalamishi kuhusu muuguzi au mkunga hupelekwa kwa Baraza la Wauguzi. Yale ya tabibu, yaani afisa wa kliniki, yana baraza lake, nayo ya mfamasia hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza jina na cheo cha anayekuhudumia. Sajili ya madaktari iko wazi kwenye tovuti ya KMPDC, na ukikosa jina humo, ripoti kwa Baraza na kwa polisi.

Fidia na uhalifu

Kazi kuu ya Baraza ni kulinda umma dhidi ya huduma mbovu. Anayetaka kulipwa fidia kwa hasara aliyopata huenda mahakamani, na hapa wengi hupoteza haki yao kwa kungoja. Kwa kawaida kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na dhidi ya Serikali ndani ya miezi 12. Usidhani kwamba muda huo umesimama kwa sababu tu Baraza bado linachunguza. Tafuta ushauri wa wakili mapema.

Ikiwa ulichotendewa ni jinai, kwa mfano kudhulumiwa kimapenzi, nenda kwa polisi mara moja bila kusubiri baraza lolote.

Kabla ya kuondoka hospitalini

Omba muhtasari wa matibabu, weka risiti na matokeo ya maabara, na uandike tarehe na majina kabla hujasahau. Kila unapowasilisha barua, dai nakala iliyopigwa muhuri. Malalamishi yaliyoandikwa vyema humsaidia mlalamishi, humlinda daktari asiye na hatia, na huenda yakamwokoa mgonjwa anayefuata.