Maji ya Chupa na Maji ya Bomba: Hukumu Zake na Athari Zake kwa Mazingira

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeteremsha maji kutoka mbinguni yakawa twahara, na akakijaalia kila kilicho hai kutokana nayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Imekuwa ni kawaida katika misikiti yetu, hasa mwezi wa Ramadhani, siku za hitima na za Maulidi, kuona wafadhili wakileta katoni za maji ya chupa kwa nia ya kupata thawabu. Nia hiyo ni njema, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini watu wakishatawanyika, uani hubaki chupa zilizonywewa nusu, na nyingine hupeperushwa hadi kwenye mitaro. Na mara nyingi msikiti huohuo tangi lake lina uchafu chini na mabomba yake yanavuja. Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa jicho la fiqhi. Katika makala haya tutaeleza, Inshaallah, maji ni mali ya nani, lipi lina ubora kati ya chupa na bomba, na ni sadaka ipi ya maji iliyo bora zaidi.

Maji ni ya nani?

Imepokewa katika Hadithi aliyoitoa Abu Daud na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na katika Sahihi Muslim imekuja kwamba alikataza kuuza maji yaliyozidi haja ya mtu. Kutokana na Hadithi hizi, wanavyuoni wamekubaliana kwamba maji ya mto, bahari, mvua na chemchemi isiyo na mwenyewe ni ya watu wote.

Je, anayeuza maji ya chupa anakula haramu? Jawabu ni hapana. Maji yakishachotwa na kuhifadhiwa chomboni huwa ni milki ya aliyeyachota, kama kuni. Kuni za porini ni za wote, lakini Mtume (s.a.w.) alimsifu mtu anayekwenda kukata kuni, akazibeba mgongoni na kuziuza, kuliko yule anayeomba watu. Basi biashara ya maji ya chupa asili yake ni halali.

Hata hivyo, uhalali wa kuuza hauondoi haki ya watu wote katika maji. Wakubwa wetu walilifahamu hilo. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakifanya wakfu kwa Waislamu. Bi Zubaida, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 216 Hijria, alitoa mali nyingi maji yafike Makka kwa ajili ya mahujaji. Na huku kwetu Zanzibar, mji uliopigwa na kipindupindu miaka ya 1869 na 1870, ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyevuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini. Bomba, kwa hiyo, si jambo geni katika historia ya kheri za Waislamu.

Twahara si sawa na usalama

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya. Fiqhi inapouliza kama maji yanafaa kwa udhu, inauliza juu ya twahara. Daktari anapouliza kama yanafaa kunywewa, anauliza juu ya maradhi. Haya ni maswali mawili, na kila moja lina jawabu lake.

Kuhusu twahara, maji ya bomba na ya chupa yote ni maji mutlaqi. Wako wanaotia shaka kwa sababu ya harufu ya dawa ya klorini katika maji ya bomba. Wanavyuoni wa madh-hebu ya Imamu Shafii wameeleza kwamba maji yakibadilika kidogo kwa kuchanganyika na kitu twahara, na yakabaki kuitwa maji, hayaharibiki. Na wako wanaotia shaka kwa wekundu wa kutu. Kutu la bomba linaingia katika mabadiliko ya kitu kilichomo katika njia ya maji au mahali yanapokaa, na hayo yamesamehewa. Kwa hiyo asiyetawadha kwa maji ya bomba akatafuta ya chupa kwa kudhani kuwa ndiyo twahara zaidi, hana dalili.

Kuhusu usalama, tusiseme kwamba kila maji ya bomba yananyweka. Maji hutoka mtamboni yakiwa yamesafishwa, lakini yanapokatika na kurudi, bomba lenye ufa huvuta maji machafu ya ardhini. Kisha hukaa katika tangi lisiloshwa. Maji hayo yanaweza kuwa twahara kwa udhu na yakabeba kipindupindu au homa ya matumbo. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu. Basi mwenye mtoto mchanga au mgonjwa, naye hana maji ya kuaminika isipokuwa ya chupa, hana lawama yoyote. Lawama ni kwa mwenye njia nyingine akaiacha kwa uvivu au kwa kujifakharisha.

Na njia nyingine zipo. Maji yakichemshwa mpaka yakatokota kwa dakika 1 nzima, vijidudu vya maradhi hufa. Iko dawa ya klorini ya kutia majini kwa kipimo, na iko michujio ya kisasa. Wataalamu wamethibitisha pia kwamba maji yasiyo na tope, yakitiwa katika chupa angavu na kuachwa juani kwa saa 6 siku yenye jua kali, husafika. Mwanafunzi wa fiqhi atauliza: Je, Shafii hawakusema kuwa maji yaliyopashwa moto na jua ni makuruhu? Walisema hivyo kwa maji ya vyombo vya madini, isipokuwa dhahabu na fedha, katika nchi za joto. Chupa ya plastiki au ya kioo haimo. Zaidi ya hayo, Imamu Nawawi alipendelea kwa upande wa dalili kwamba hakuna ukaraha kabisa.

Gharama isiyoonekana ya chupa

Chupa ya maji hutengenezwa kwa plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Taasisi ya Pacific ya Marekani ilikadiria mwaka 2007 kwamba kila lita 1 ya maji ya chupa hutumia lita 3 za maji mpaka kufika kwa mnywaji. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilieleza kuwa biashara hii ilizalisha chupa na vyombo vya plastiki vipatavyo bilioni 600 mwaka 2021, na vingi vyake huishia kuwa taka. Plastiki haiozi kama jani la mgomba. Hukatikakatika vipande vidogo mpaka visivyoonekana kwa macho, vikaingia katika udongo, bahari na samaki.

Wala chupa yenyewe haikusalimika. Utafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Rutgers uliotolewa Januari 2024 ulikuta wastani wa vipande 240,000 vya plastiki katika kila lita ya maji ya chupa yaliyopimwa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kuwa ushahidi wa madhara ya vipande hivyo kwa mwili haujatosha, na likataka utafiti uendelee. Kwa hiyo hatuharamishi kunywa. Tunasema tu kwamba dhana ya kuwa maji ya chupa ni safi kuliko yote haina msingi.

Sasa tuyarudishe haya katika sharia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi 1 ya maji, na kuoga kwa pishi 1 mpaka mudi 5, kama ilivyo katika Sahihi mbili. Hadithi mashuhuri ya Saad, ya kukatazwa israfu katika udhu hata kwenye mto upitao, imo kwa Ibn Majah na wanavyuoni wameitia udhaifu isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na aya ya 31 ya Suratul Aaraf. Ikiwa kuzidisha maji ya udhu ni israfu, vipi kuhusu kumwaga nusu chupa ambayo lita nyingine zilikwisha kutumika kuitengeneza?

Pia katika Sunan Abu Daud mna onyo dhidi ya kujisaidia katika vianzio vya maji, njiani na kwenye vivuli, kwa sababu vitendo hivyo humletea laana mwenye kuvitenda. Sababu ya katazo ni kuwaudhi watu katika mahali wanapopahitajia. Chupa iliyotupwa mtaroni ina sababu hiyohiyo: huzuia maji ya mvua, mtaro ukafurika, na maji machafu yakaingia katika nyumba ya maskini aliye bondeni, ambaye huenda hakupata hata funda la maji yale. Kanuni ya fiqhi inajulikana: hapana kudhuru wala kudhuriana.

Sadaka ya chupa na wakfu wa maji

Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka iliyo bora, akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima. Tuzingatie: alichimba kisima. Wanavyuoni wa Shafii wameshurutisha kuwa kitu cha wakfu kiwe chenye kubaki huku manufaa yake yakitumika. Kitu kinachokwisha kwa kutumiwa, kama chakula na maji yaliyomo chupani, hakisihi kuwekwa wakfu, bali huwa ni sadaka ya kawaida. Kisima, tangi, mchujio na bomba husihi. Kwa hiyo anayetaka sadaka yenye kuendelea baada ya kufa kwake, katoni hazitampatia daraja hiyo.

Ripoti tuliyoitaja ya mwaka 2023 ilisema kwamba chini ya nusu ya dola bilioni 270 zinazotumiwa kila mwaka duniani kwa maji ya chupa ingetosha kuwa uwekezaji wa mwaka wa kuwafikishia maji salama watu wapatao bilioni 2 wasiokuwa nayo. Tuipime hesabu hiyo msikitini kwetu. Fedha za katoni za Ramadhani moja au mbili, zikikusanywa pamoja, zaweza kununua mchujio na kukarabati tangi, na mtaa mzima ukanywa mwaka mzima.

Yanayotakiwa misikitini

Tunawausia maimamu na kamati za misikiti mambo haya:

1. Tangi lioshwe kila baada ya muda maalumu na lifunikwe. Mtume (s.a.w.) aliamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba.

2. Liwekwe bomba la kunywa lenye mchujio, mbali na mabomba ya udhu, na maji yapimwe na wataalamu.

3. Vikombe vioshwe, au kila mtu aje na chombo chake.

4. Mfadhili aulizwe nia yake na iandikwe. Kwa Shafii, maji yaliyotolewa sabili kwa ajili ya kunywa ni haramu kutawadhia. Akitaka yatumike kwa yote mawili, na atamke hivyo.

5. Panapokuwa hapana budi ila chupa, kama wakati wa kipindupindu au mafuriko, ziletwe kubwa za kumimina badala ya ndogo, na tupu zikusanywe ziuzwe kwa wanaozitengeneza upya.

Khatibu akiyasema haya juu ya mimbari kabla ya Ramadhani, si baada yake, wafadhili watapata nafasi ya kuigeuza nia yao njema kuwa wakfu unaobaki. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ni wenye kushukuru neema ya maji kwa vitendo, na azikubali sadaka za waliotangulia kutuchimbia visima.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.