Tezi ya Kwapani Baada ya Chanjo

Leo kuna jambo linalowatia kina mama wengi wasiwasi. Mtoto alidungwa chanjo ya BCG alipozaliwa, ile ya kumkinga na kifua kikuu kikali, katika mkono wa kushoto. Majuma machache baadaye unamwosha, na kidole chako kinagusa uvimbe mdogo kwapani, upande ule ule wa sindano. Nyanya anasema ni mtoki, ukandwe. Jirani anasema uchanjwe kwa wembe. Mama, tafadhali ngoja kwanza.

Kila mmoja wetu ana tezi ndogo kama punje za maharagwe shingoni, kwapani, kinenani na tumboni kando ya matumbo. Zifananishe na shule za askari wa mwili, kila shule ikipokea habari za mtaa wake. Chanjo inapoingia katika ngozi ya mkono, seli fulani hubeba vipande vya vile vijidudu vilivyodhoofishwa hadi tezi ya kwapani. Hapo askari, yaani seli nyeupe za damu, huonyeshwa adui. Wale wanaomtambua huzaana kwa wingi, na ndipo tezi huvimba.

Ajabu ni kwamba hawafundishwi kupigana tu. Hufundishwa pia mahali pa kulinda. Waliofunzwa katika tezi zinazopokea habari za ngozi hupewa alama ya kuwarudisha kwenye ngozi. Wa tezi za tumboni hurudi kwenye utumbo. Hii ni sababu moja ya kutoa matone ya polio mdomoni, na ya rota pia, ambayo Kenya ilianza kutoa mwaka wa 2014: vijidudu hivyo huingilia mdomoni na kuzaana matumboni. Kuandika alama ya utumbo kunahitaji vitamini A. Kwa hivyo usiache ile ya kliniki, kila miezi 6 tangu mtoto afikishe miezi 6 hadi atimize miaka 5.

Na wewe unayenyonyesha, baadhi ya askari waliofunzwa tumboni mwako huhamia kwenye matiti. Humo hutengeneza kingamwili zinazoingia katika maziwa, dhidi ya vijidudu vya nyumba ile ile mnamoishi na mtoto. Maziwa ya kopo hayawezi hayo, hata yawe ya bei gani.

Turudi kwapani. Uvimbe mdogo usiouma hauhitaji dawa; hupungua wenyewe, ingawa huweza kuchukua miezi. Usiukande, usiukate, usiupake majani. Kidonda kidogo mkononi nacho kiache kikauke, kitabaki kovu.

Lakini mlete mtoto kliniki uvimbe ukizidi kukua, ukiwa mwekundu au ukitoa usaha, au akipata homa. Njoo upesi zaidi ikiwa mtoto ana virusi vya Ukimwi, au wewe unavyo na yeye hajapimwa. Kwa mtoto mkubwa, uvimbe wa shingo unaopita majuma 2, pamoja na kukonda au kikohozi kisichoisha, huenda ukawa kifua kikuu cha tezi. Hicho kina tiba, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Ukija, beba kile kitabu cha kliniki ili tuone tarehe ya chanjo.